Kuikata Sekunde: Hesabu Zinazoendesha Mchezo wa Mbio za Magari

Mwezi wa Septemba mwaka 2025, wakati wa maonyesho ya michezo ya kompyuta ya Tokyo, ilitangazwa kwamba toleo la sita la mchezo wa mbio za magari uitwao Forza Horizon lilikuwa likitengenezwa. Kwamba lingetolewa katika mwaka 2026. Na kwamba nchi ambayo magari yangekimbia ndani yake safari hii ni Japani. Watengenezaji wake, kampuni ya Playground Games iliyoko katika mji wa Leamington Spa, Uingereza, walikuwa wamekwisha kufanya kazi kama hiyo mara tano: Colorado ya Marekani mwaka 2012, kusini mwa Ufaransa na kaskazini mwa Italia mwaka 2014, Australia mwaka 2016, Uingereza kwenyewe mwaka 2018, na Meksiko mwaka 2021. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki uchaguzi wa Japani unavutia kwa namna yake, maana huko magari hupita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu, na magari ya huko ni hayo hayo yanayopita mbele ya shule zetu kila siku.

Makala haya hayakusudii kuusifu mchezo huo wala kumshawishi mtu aununue. Yanakusudia kuufungua kama fundi afunguavyo saa, ili mwalimu na mwanafunzi waone magurudumu yaliyomo ndani. Mengi ya magurudumu hayo tayari yamo katika vitabu vya fizikia na hisabati vya sekondari.

Mchezo wa aina hii huitwa wa ulimwengu huria, kwa sababu dereva hafungwi ndani ya uwanja wa mashindano. Akitaka atatoka barabarani, atavuka mto, atapanda kilima, au atageuza gari na kurudi alikotoka. Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ndani ya mashine mna filamu iliyokwisha kupigwa. Hamna. Filamu haiwezi kumfuata mtu ambaye mwenyewe hajaamua aelekee wapi. Kila picha inayoonekana huundwa wakati ule ule, na kama picha ni 60 kwa sekunde, basi kompyuta ina sehemu moja ya 60 ya sekunde, yaani milisekunde 16.7 hivi, kujua gari liko wapi, kila tairi linakanyaga nini, jua linapiga upande gani, na kisha kuchora yote hayo. Muda huo ukipita kabla kazi haijaisha, picha hukwama na mchezaji huona gari likirukaruka. Kutengeneza mchezo wa namna hii, kwa sehemu kubwa, ni kuamua kitu gani kihesabiwe kwa uaminifu na kitu gani kisihesabiwe kabisa.

Gari linasogezwaje

Tuchukue gari la kilogramu 1,200 linalosukumwa na injini kwa kani ya nyutoni 4,800, na kwa sasa tuuache ukinzani wa hewa. Kwa kanuni ya pili ya Newton mchapuko wake ni 4,800 gawa kwa 1,200, yaani meta 4 kwa sekunde kwa sekunde. Je, likianza likiwa limesimama, baada ya sekunde 3 litakuwa limekwenda umbali gani? Mwanafunzi atajibu mara moja: nusu ya mchapuko, mara muda uliozidishwa kwa muda. Nusu ya 4 ni 2, na 3 mara 3 ni 9. Jibu ni meta 18.

Mchezo hauwezi kutumia njia hiyo fupi. Kanuni ile ni ya kweli pale tu mchapuko usipobadilika, na mchezaji huubadilisha kila mara: anaachia mafuta, anakanyaga breki, anapanda juu ya jiwe. Hakuna ajuaye sekunde ijayo italeta nini. Kwa hiyo kompyuta hufanya kama karani mwenye subira. Huchukua kipande kidogo cha muda, hujifanya kwamba ndani ya kipande hicho hakuna kinachobadilika, hujumlisha mwendokasi mpya, hujumlisha umbali mpya, kisha huanza kipande kinachofuata. Mbinu hii inatokana na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, ambaye bila shaka hakufikiria magari.

Hebu tuifanye kwa mkono. Kipande kikiwa cha sekunde nzima, mwendokasi baada ya vipande vitatu utakuwa 4, 8 na 12, na umbali utakuwa 4, kisha 4 na 8 ambayo ni 12, kisha 12 na 12 ambayo ni 24. Gari letu limekwenda meta 24 badala ya 18! Tukikata vipande vya nusu sekunde, mwendokasi utakuwa 2, 4, 6, 8, 10, 12; jumla yake ni 42, na nusu ya hiyo ni meta 21. Tukikata sekunde moja katika vipande 60 tutapata meta 18.1, na tukiikata katika vipande 360 tutapata meta 18.02. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kanuni iliyojificha hapa. Awaache waandike makosa kwa mpangilio (meta 6, meta 3, meta 0.1, meta 0.02 hivi) na watafute wenyewe uhusiano wake na ukubwa wa kipande.

Idadi ya 360 haikuchaguliwa ovyo. Kampuni ya Turn 10 ya Marekani, iliyoanzisha jina la Forza, ilieleza kwamba katika Forza Motorsport 2 ya mwaka 2007 mwendo wa magari ulikuwa ukikokotolewa mara 360 kwa sekunde, ingawa picha zenyewe zilikuwa 60 tu. Picha inahitaji kulidanganya jicho peke yake, na jicho ni jepesi kudanganyika. Tairi halidanganyiki.

Hata hivyo vipande vidogo havitoshi kwa kila jambo. Gari linalokwenda kilometa 360 kwa saa hupita meta 100 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya 60 ya sekunde limekwisha kuruka meta 1.67. Nguzo ya umeme yenye unene wa sentimeta 20 inaweza kuwa mbele ya gari katika hesabu moja na nyuma yake katika hesabu inayofuata, na mgongano usionekane kamwe. Hata kwa vipande 360, kila hatua ni sentimeta 28, bado ni kubwa kuliko nguzo. Ndiyo maana mtengenezaji haulizi kama gari limo ndani ya nguzo. Huuliza kama mstari unaounganisha mahali gari lilipokuwa na mahali lilipo umeikata nguzo. Swali la fizikia limegeuka kuwa swali la jiometri, na jiometri haina haraka.

Tairi na kona

Gari likikata kona lazima livutwe kuelekea kitovu cha kona hiyo, na kinacholivuta ni msuguano wa matairi na barabara tu. Kani inayohitajika ni masi mara mwendokasi wa mraba, gawa kwa nusukipenyo cha kona. Kani iliyopo haizidi kizigeu cha msuguano mara uzito wa gari. Tukizilinganisha, masi inajifuta pande zote mbili, na tunabaki na mlinganyo mwepesi: mwendokasi wa mraba hauwezi kuzidi kizigeu cha msuguano mara 9.8 mara nusukipenyo.

Tuseme kona ina nusukipenyo cha meta 50, lami ni kavu na kizigeu ni 0.9. Tunapata 0.9 mara 9.8 mara 50, yaani 441, na kipeo cha pili cha 441 ni 21. Mwisho ni meta 21 kwa sekunde, kilometa 76 kwa saa. Sasa mvua inyeshe, matairi yawe yamechakaa, na kizigeu kishuke hadi 0.4. Tunapata 196, na kipeo chake ni 14: kilometa 50 kwa saa. Kona ni ile ile, dereva ni yule yule, na gari ni lile lile. (Msomaji makini atauliza kuhusu lori, kwa kuwa masi imejifuta. Ni kweli kwamba imejifuta, lakini lori lililopakiwa juu sana hupinduka kabla halijateleza, na hilo ni somo jingine.)

Lakini tairi halina tabia rahisi ya kigogo kinachoburutwa juu ya meza. Dereva anapogeuza usukani, tairi huelekea upande mmoja huku likiendelea kwenda upande mwingine kidogo, na pembe iliyo kati ya pande hizo mbili ndiyo izaayo kani ya kugeuza gari. Pembe ikikua nyuzi chache, kani hukua nayo. Ikifika kilele, kani huanza kupungua. Baada ya hapo kila anayezidi kukata usukani anazidi kupoteza kona. Profesa Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, akishirikiana na wahandisi wa Volvo, alitoa mwaka 1987 mlinganyo unaouchora mchirizo huo kwa kutumia saini na kinyume cha tanjenti. Uliitwa mlinganyo wa mazingaombwe, kwa sababu haukutokana na sheria yoyote ya maumbile: uliundwa ili ulingane na vipimo vya matairi halisi, na ulilingana navyo vizuri ajabu. Michezo mingi ya magari imeutumia tangu hapo.

Hapa mtengenezaji hukutana na uamuzi ambao hisabati haimsaidii. Dereva wa kweli husikia mgongoni na makalioni mwake kwamba gari limeanza kuteleza. Mchezaji ana macho, masikio na vidole gumba viwili tu. Akipewa mchirizo wa kweli atatoka barabarani katika kila kona, na baada ya dakika kumi atazima mashine. Kwa hiyo katika michezo inayolenga burudani mteremko ulio nyuma ya kilele hulainishwa, na gari husamehe kosa ambalo barabara isingelisamehe. Kwa maoni yangu watengenezaji wana haki ya kufanya hivyo, maana wanauza mchezo. Lakini kijana asemaye kwamba amejifunza udereva humo aulizwe kwanza ni mchirizo upi uliomfundisha.

Nchi nzima katika kilometa chache

Umbo la ardhi laweza kupatikana bila mtu kutembea. Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa nchi kavu kwa rada, kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi nyuzi 56 kusini, kwa nukta zinazoachana meta 30 hivi. Vipimo kama hivyo vya angani vimerahisisha kazi sana. Mwaka 2006 kampuni ya Eden Games ya Lyon, Ufaransa, ilitoa Test Drive Unlimited iliyofuata umbo la kisiwa cha Oahu, Hawaii, chenye zaidi ya kilometa 1,600 za barabara. Mwaka 2009 kampuni nyingine ya Ufaransa, Asobo, ilitoa Fuel, yenye eneo la kilometa za mraba 14,400. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na sehemu kubwa yake ilikuwa ukiwa mtupu. Ukubwa peke yake haumfurahishi mtu.

Vipimo vya mahali halisi vimewahi hata kutangulia mbio zenyewe. Mchezo wa WRC 9, uliotolewa mwaka 2020, ulikuwa na Safari Rally ya Kenya ndani yake, kwa kuwa mbio hizo zilipangwa kurudi katika mashindano ya dunia mwaka huo. Maradhi ya UVIKO-19 yakazizuia hadi Juni 2021. Kwa hiyo watu wengi walikwisha kuendesha katika vumbi la Kenya wakiwa vitini mwao kabla madereva wa kweli hawajafika Naivasha.

Japani yote haiwezi kuingizwa katika mchezo kwa ukubwa wake halisi, na kama ingewezekana mchezaji angechoka kwa kuendesha saa nyingi kutoka mji hadi mji. Ni lazima ipunguzwe. Lakini ipunguzwe vipi? Mlima Fuji una meta 3,776 na uko kilometa 100 hivi kutoka Tokyo. Tukipunguza kila kitu mara kumi, mlima unakuwa kilima cha meta 378 kilicho kilometa 10. Jicho halitagundua, kwa maana 3,776 kwa 100,000 ni sawa na 378 kwa 10,000: pembetatu hizo mbili zinafanana, na pembe ambayo mlima unainuka nayo juu ya upeo wa macho ni ile ile, nyuzi mbili na kidogo. Jicho halipimi umbali wa mbali, hupima pembe.

Gari, hata hivyo, halikupunguzwa. Barabara ya meta 6 ikipunguzwa mara kumi itakuwa ya sentimeta 60, na gari halitaingia. Nyumba, milango, miti na mabango ya barabarani lazima vibaki na ukubwa wao. Ndani ya ulimwengu mmoja, basi, mna vipimo viwili: cha vitu vilivyo karibu na cha vitu vilivyo mbali. Tena mlima hauwezi kuachwa na urefu wake wote huku umbali ukikatwa, kwa sababu mwinuko wa barabara wa meta 1 kwa kila meta 20 utakuwa wa meta 1 kwa kila meta 2, na hakuna gari litakaloupanda kwa raha. Mtaalamu anayejenga nchi ya namna hii huchagua vipande vichache vinavyoifanya Japani iwe Japani, yaani barabara nyembamba za milimani zenye kona kali, vichochoro vya mji, pwani, kisha huvishona pamoja na kuficha mishono nyuma ya kilima au ndani ya handaki. Ni kazi ya ramani iliyochanganyika na kazi ya ushonaji, na kwa muda na fedha ndiyo nzito kuliko zote.

Kisichoonekana hakichorwi

Mti wa meta 8 ulio mbele yako kwa meta 10, ukichukua nukta 800 za urefu wa kioo, utachukua nukta 4 tu ukiwa umbali wa meta 2,000. Nukta nne hazina nafasi ya majani. Kwa hiyo mti wa mbali huwa si mti bali kipande bapa chenye picha ya mti, na kadiri gari linavyosogea hubadilishwa kuwa wenye matawi, kisha wenye majani. Mabadiliko hayo yakifanywa vibaya, msitu mzima huonekana ukichipua mbele ya gari.

Kubadilisha huko kunahitaji data iletwe kwa wakati. Tuseme nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa meta 250, na kila mraba una megabaiti 200 za maumbo na picha. Gari la meta 100 kwa sekunde humaliza mraba kwa sekunde 2.5, na kwa kuwa dereva aweza kupinda, miraba mitatu ya mbele lazima iwe tayari: megabaiti 240 kila sekunde. Diski ya zamani yenye sindano inayosogea ilisoma megabaiti 100 hivi kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. Mashine zilizotoka mwaka 2020 zilibadili hesabu hiyo: Xbox Series X husoma megabaiti 2,400 kwa sekunde, na PlayStation 5 megabaiti 5,500. Kabla ya hapo kona na mahandaki hayakuwa pambo tu. Yalimpunguza dereva mwendo ili diski ipate kupumua.

Tatizo jingine ni la ajabu zaidi, nalo huwashangaza hata walimu wa hisabati. Kompyuta kwa kawaida huandika mahali gari lilipo kwa namba ya tarakimu 32 za mfumo wa jozi, na kati ya hizo 24 ndizo zinazobeba usahihi wake, sawa na tarakimu saba hivi za kawaida. Namba ikiwa ndogo, usahihi ni mkubwa. Ikikua, usahihi hupungua. Eneo la kilometa za mraba 14,400 kama lingekuwa mraba lingekuwa na upande wa kilometa 120, na kutoka katikati hadi ukingoni ni kilometa 60. Kwa umbali huo namba mbili zinazofuatana zimeachana milimeta 4. Ni kidogo? Springi ya gari yenye ugumu wa nyutoni 50 kwa kila milimeta itaona msukumo wa nyutoni 200 ukija na kuondoka bila sababu, wakati gurudumu lote limebeba nyutoni 2,940. Gari lililosimama litatetemeka kama lina homa. Dawa yake ni rahisi: nukta sifuri isikae katikati ya nchi, bali ifuate gari. Gari hubaki karibu na sifuri, na ulimwengu ndio unaosogezwa chini yake.

Mchezo uzimwapo

Uamuzi mmoja wa mtengenezaji hauonekani kiooni kabisa: hesabu zifanyikie wapi. The Crew, mchezo uliotolewa mwezi wa Desemba 2014 na kampuni ya Ubisoft, ulikuwa na Marekani yote kutoka pwani hadi pwani, nao uliundwa ili kila mchezaji awe ameunganishwa daima na kompyuta kuu za kampuni, hata akicheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 kompyuta hizo zilizimwa. Kuanzia siku hiyo waliokuwa wameununua hawakuweza kuufungua, na kazi ya miaka mingi ya mamia ya mafundi haikuweza kutazamwa tena, hata na mwanafunzi anayetaka kujua ilijengwaje. Ombi la wananchi wa Jumuiya ya Ulaya la kutaka michezo isiuawe kwa namna hiyo lilipita sahihi milioni moja mwaka 2025, na mwaka huo huo kampuni iliwapa wenye The Crew 2 njia ya kucheza bila mtandao. Forza Horizon 4 iliondolewa madukani tarehe 15 Desemba 2024 kwa sababu ruhusa za kutumia magari na muziki zilikuwa na mwisho wake, lakini waliokwisha kuinunua waliendelea kuicheza. Tofauti ya visa hivyo viwili haikuamuliwa siku ya kuzima. Iliamuliwa miaka mingi nyuma, mezani kwa wahandisi.

Kazi ya darasani

Chora mstari wa sentimeta 16 daftarini. Rusha sarafu: ikionyesha kichwa, pandisha nukta ya katikati sentimeta 4; la sivyo, ishushe sentimeta 4, kisha unganisha nukta tatu ulizo nazo. Fanya vivyo hivyo kwa katikati ya kila kipande kipya, sasa kwa sentimeta 2, halafu 1, halafu nusu. Utaona safu ya milima. Mbinu hii ilielezwa na Fournier, Fussell na Carpenter mwaka 1982. Andika matokeo ya sarafu yako yote 15 kwa mfuatano na umpe mwenzako: ataweza kuuchora mlima wako bila kuuona. Kwa werevu wa jinsi hiyo Braben na Bell waliingiza makundi 8 ya nyota, kila moja likiwa na nyota 256, katika mchezo wa Elite mwaka 1984, ndani ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32.

Baada ya hapo rudia hesabu ya gari la kilogramu 1,200, safari hii ukiingiza ukinzani wa hewa unaolingana na 0.4 mara mwendokasi wa mraba, kwa vipande vya sekunde moja, hadi sekunde ya 10. Kisha tafuta kona ya barabara iliyo karibu na shule, pima nusukipenyo chake kwa kamba na jiometri, na ukokotoe mwendokasi wa mwisho kwa lami kavu na kwa lami iliyolowa. Simama kando, mahali salama, pamoja na mwalimu wako, ukiwa na saa na alama mbili zilizoachana meta 50, na uhesabu ni magari mangapi yanayoikaribia kona hiyo kwa mwendo unaozidi jibu lako la pili.